October, Novemba, Desemba

Nianze kwa kukiri, ili atakayenicheka anicheke mapema tuendelee: New Moon nimeitazama mara kumi na moja. Si Twilight ile ya kwanza, ambayo hata wasomi wetu siku hizi wanaisifu kwa sauti ya chini. Ni hii ya pili, ile inayosemwa kwamba ni ndefu, inazubaa, na mhusika mkuu wake hafanyi lolote zaidi ya kulia. Ya kumi na moja niliitazama Desemba iliyopita, Tanga, sebuleni kwa dada yangu, na bintiye wa miaka kumi na mbili alikuwa katikati yetu akila korosho. Nitafika huko.

Kwa asiyejua hadithi, au aliyejua akajifanya kasahau: Bella Swan ni msichana anayeishi Forks, kamji ka mvua jimboni Washington, Marekani, na mpenzi wake Edward Cullen ni mnyonya damu mwenye sura ya miaka kumi na saba tangu mwaka 1918. Stephenie Meyer alitoa kitabu cha kwanza 2005 na hiki cha pili 2006. Filamu ya kwanza, iliyoongozwa na Catherine Hardwicke, ilitoka Novemba 2008. Ya pili wakampa Chris Weitz, ikatoka Novemba 2009 na kuingiza zaidi ya dola milioni 140 katika wikendi yake ya kwanza Marekani na Kanada. Wasichana wa dunia nzima walipanga foleni usiku wa manane. Sisi hatukupanga foleni. Tuliinunua kwa machinga karibu na stendi, diski moja yenye filamu nane, na jalada lake lilimwonyesha Edward kando ya mwanajeshi mwenye bunduki ambaye hakuwemo katika filamu yoyote kati ya hizo nane.

Mambo yanayotokea ni machache. Bella anatimiza miaka kumi na minane, akina Cullen wanamfanyia sherehe, anajikata kidole kwa karatasi ya zawadi, na mmoja wa nduguze Edward anamrukia kwa kunusa tone moja la damu. Siku chache baadaye Edward anampeleka msituni na kumwambia kwamba familia nzima inahama na kwamba yeye hamtaki tena. Anaondoka. Bella anabaki na baba yake askari, halafu na Jacob, kijana wa kabila la Waquileute ambaye kumbe anageuka mbwa mwitu. Mwishoni kuna safari ya Italia, kuna majoho mekundu, na kuna mzee Aro anayechezwa na Michael Sheen kwa kicheko ambacho mpaka leo kinanisisimua mwili.

Jina lenyewe lilituchanganya. Kwetu mwezi mpya ni mwezi mwandamo, jambo la furaha, watoto wanapiga kelele barazani na kina mama wanakimbilia sokoni kabla maduka hayajafungwa. Meyer yeye alikuwa akiuwaza ule usiku ambao mwezi haupo kabisa, giza totoro. Bibi, aliyekuwa akisinzia kwenye mkeka tulipoiweka mara ya kwanza, aliuliza filamu inahusu nini. Nikamwambia inahusu mwezi kuandama. Akasema, "Alhamdulillahi," akageukia ukutani.

Akaja kuamka pale Jasper anapomrukia Bella.

"Huyo ni mumiani," alisema.

Nikamwambia si mumiani bibi, ni vampaya, ni wa kizungu. Akaniangalia kama mtu anayemtazama mtoto aliyemweleza kuwa maji ya Raskazone hayana chumvi. Bibi alikulia katika miaka ya ukoloni, wakati watoto wa pwani hawakutoka nje usiku kwa kuogopa mumiani. Kamusi za zamani zinaeleza kuwa mumiani ni dawa nyeusi kama utomvu, ya kutibia mifupa iliyovunjika, na kwamba watu waliamini imetengenezwa kwa damu ya binadamu. Kutoka hapo jina likahamia kwa mnyonyaji mwenyewe. Nairobi na Kampala waliogopwa wazimamoto, na gari lao jekundu likipita barabara inabaki tupu. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya minong'ono hiyo, kikatoka 2000, na hoja yake moja imenikaa: watu walikuwa wakiusema ukoloni kwa lugha ya damu. Mumiani wa bibi hakuwa mzuri wa sura, hakupiga piano. Alikuwa na gari, mshahara na kibali cha serikali.

"Na yeye anampenda?" bibi aliuliza, akimwonyesha Bella kwa kidevu.

"Anampenda."

"Basi hana mama."

Nilicheka sana. Miaka mingi baadaye niligundua kuwa bibi alikuwa amesema jambo la kweli kuhusu filamu ile kuliko wahakiki wengi niliowasoma. Mama yake Bella yuko Florida. Bella hana nyumba yenye watu.

Sasa nije kwenye kiti.

Edward akishaondoka, Bella anakaa kwenye kiti mbele ya dirisha la chumba chake. Kamera inamzunguka polepole. Inapopita dirishani nje ni majira ya majani kupukutika, na neno moja linatokea: October. Inazunguka tena, November. Inazunguka tena, theluji imeanguka, December. Yeye hajasogea. Lykke Li anaimba kwa sauti kama ya mtu aliye chini ya maji. Katika kitabu Meyer alifanya jambo hilohilo kwa kurasa zilizo karibu tupu, kila moja ina jina la mwezi tu. Watu wamezichekesha sana kurasa zile: mwandishi mvivu, msichana mvivu, miezi mitatu kwa sababu ya mvulana! Nilipoiona scene ile mara ya kwanza, likizo ya Juni 2010, sikucheka. Nilimgeukia dada yangu, naye alikuwa ameacha kupepea. Alikuwa akitazama kile kiti.

Dada alikuwa na miaka ishirini na miwili wakati posa yake iliporudi. Nasema "iliporudi" kama tulivyosema nyumbani, kana kwamba posa ina miguu. Mahari ilishatolewa, harusi ilipangwa Mfungo Mosi, khanga za sare zilishanunuliwa. Mchumba alikuwa ametangulia Muscat kutafuta kazi, arudi aoe, kisha waondoke pamoja. Mwaka ule wa 2009 Idi iliangukia Septemba. Usiku wa mwezi kuandama, wakati sisi tunachambua mchele wa pilau, alikuja mjomba wake mchumba. Alikaa ukumbini na baba dakika kumi, hakunywa hata maji. Ujumbe ulikuwa mfupi: kijana anaomba radhi, maisha ya kule ni magumu, hayamfai binti yenu, asimsubiri. Ni kwa faida yake mwenyewe.

Kwa faida yake mwenyewe! Edward naye, akija kuulizwa mwishoni kwa nini aliondoka, jibu lake ni lilelile. Alimdanganya kwamba hamtaki ili awe salama. Nilipokuwa na miaka kumi na saba niliona hapo ndipo penye mahaba yenyewe. Leo nikifika pale natamani kuingia ndani ya televisheni na kandambili mkononi. Mtu anaamua peke yake kinachokufaa, anakuvunja, halafu anataka umshukuru kwa kuwa alikuvunja kwa nia njema. Na afadhali Edward alikuja kusema uso kwa uso, msituni, kwenye baridi. Wa kwetu alimtuma mjomba.

Baada ya Idi mimi nilirudi shuleni, shule ya bweni milimani, kidato cha tatu. Yaliyofuata niliyapata vipandevipande. Dada aliweka kiti cha plastiki cha bluu uani, chini ya dirisha la jiko, akakikalia. October. Mama alimwita maalimu, ukafanyika kisomo, akanyweshwa kombe lililoandikwa kwa zafarani. November. Shangazi alitoka Pangani akasema kuna mkono wa mtu. Desemba nilipofunga shule nilimkuta palepale, amekonda, nywele hazijasukwa, na miguu ya kiti ilikuwa imechimba vishimo vinne kwenye udongo wa ua. Vile vishimo ndivyo nilivyoviona mbele ya televisheni Juni iliyofuata. Hakuna filamu ya Kiswahili, ya Kihindi wala ya Kinaijeria niliyokuwa nimeiona iliyothubutu kumwonyesha mwanamke aliyeachwa akiwa amekaa tu. Kwenye filamu zetu aliyeachwa hulia kwa sauti, huenda kwa mganga, hulipiza kisasi, au huokoka kabla ya sehemu ya pili. Hakai.

Kuna jambo jingine ambalo wahakiki walilicheka na mimi siwezi kulicheka. Bella anagundua kuwa akijiweka hatarini anamwona Edward, kivuli kinachotokea hewani na kumkataza. Basi anazitafuta hatari: pikipiki, wanaume asiowajua, mwamba mrefu juu ya bahari. Kwa macho ya ufundi kile kivuli kimefanywa vibaya, kama moshi wa ubani uliopigwa picha. Kwenye kitabu ilikuwa sauti tu na ilitosha. Lakini dada yangu alikuwa na pikipiki yake. Alikuwa akipiga namba ya zamani ya mchumba, ile aliyoitumia kabla hajasafiri, kila usiku baada ya isha, ili asikie mwanamke wa kwenye simu akisema mteja unayempigia kwa sasa hapatikani. Aliniambia hivyo mwenyewe, sauti ya chini, huku Bella akivuta mafuta ya ile pikipiki nyekundu. "Nilikuwa nikijua hapatikani. Lakini si nilikuwa napiga namba yake?"

Tuache uani tuzungumze filamu kidogo, kwa sababu ushabiki bila ukosoaji ni uchawa.

New Moon ina makosa. Nywele za Jacob kabla hajakata zinaonekana wazi ni za kubandika. Safari ya Italia inakwenda mbio mno; ukipitiwa na usingizi dakika tano utaamka Bella ameshakatiza chemchemi ya maji katikati ya watu wenye majoho, na hujui ametoka wapi. Kitabu kinautaja mji wa Volterra lakini picha zilipigwa Montepulciano, na wenyeji wa Volterra wana haki ya kununa. Wazungumzaji wana tabia ya kunyamaza kabla ya kila neno, kama wanakumbuka PIN. Na ile habari ya Romeo na Juliet imechomekwa darasani kwa nguvu, tusije tukaikosa: mpenzi anadhani mwenziwe amekufa, anakwenda kujiua. Mwalimu Nyerere alitutafsiria Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Hakutuachia Romeo, kwa hiyo mimi nilimjua Shakespeare wa mapenzi kupitia kwa vampaya. Kuna njia mbaya zaidi.

Lakini Weitz aliifuta ile rangi ya bluu ya filamu ya kwanza akaweka kahawia na dhahabu, ukahisi joto kila Jacob anapoingia. Muziki ulitungwa na Alexandre Desplat. Na Taylor Lautner, ambaye karibu abadilishwe kwa kuwa alikuwa mwembamba mno, aliujaza mwili ndani ya miezi michache akabaki na nafasi yake. Wasichana walimshangilia kwa kifua. Mimi nampenda pale anapokuwa bado mtoto, gereji, mikono ina grisi, anatengeneza vitu vilivyovunjika na kuongea ovyo ili mtu mwingine asifikirie.

Kuhusu Waquileute nina neno. Hao si wa kubuni. Ni watu halisi, kijiji chao La Push kiko ukingoni mwa bahari ya Pasifiki. Hadithi yao ya asili inasema mbwa mwitu waligeuzwa watu, hazisemi watu wanageuka mbwa mwitu na kupigana na vampaya. Meyer alikichukua alichokitaka. Watalii walifurika, fulana zikauzwa, na wakati huohuo kabila lilikuwa likiomba ardhi ya juu kwa sababu shule na nyumba zao zilikuwa katika njia ya tsunami. Mwaka 2012 Marekani ilipitisha sheria ya kuwapa eneo kutoka kwenye hifadhi ya Olympic. Filamu inapoonyesha wale vijana wakiruka kutoka kwenye mwamba huku wakicheka, mimi huwa naikumbuka ile shule chini ya mwamba. Mtu wa pwani ataelewa.

Tulikuwa na Jacob wetu pia. Fundi baiskeli wa mtaa wa pili, kijana mpole, Tanga haikosi mafundi baiskeli. Januari ya 2010 alikuja kumwambia mama kuwa ile Phoenix ya marehemu babu inaozea uani bure, aitengeneze. Aliitengeneza kwa wiki tatu, kazi ya siku mbili. Kila jioni alikaa karibu na kile kiti cha bluu akigonga, akipaka mafuta, akimwomba dada ashike spana. Siku moja dada alisimama akaishika. Hawakuoana, ukitaka kujua. Alioa Muheza, ana duka, na kila Idi anatuma salamu. Mama bado anaumia.

Kwa miaka mingi nilipigania upande wa Edward, halafu upande wa Jacob, kama kila mtu. Dada hakuwahi kuchagua. Tulipoitazama mara ya tatu au ya nne, mgao wa umeme ukakata filamu katikati, tukabaki gizani na jua la mchana limefungiwa nje ya mapazia, akasema, "Mnahangaika na wanaume tu. Huyu kaachwa na nyumba nzima."

Nikamuuliza ana maana gani.

Akasema Bella alipata mara moja mama, baba, kaka, na dada wa kumchagulia nguo, na wote waliondoka siku moja bila kuaga. Mchumba wake yeye alikuwa na dada zake wawili waliokuwa wakilala kwetu, wakipakana hina, mama yao akimfundisha kukaanga visheti. Baada ya ule usiku wa mwezi hakuna aliyekanyaga tena. Akikutana nao sokoni walikuwa wakivuka barabara. "Yule mwanamume nilimsahau mapema kuliko mnavyodhani," alisema. "Wale wasichana ndio walionikalisha."

Umeme uliporudi nilianza kuitazama filamu nyingine kabisa. Ni kweli. Bella kwenye kile kiti hamwandikii Edward. Anamwandikia Alice, dada yake Edward. Barua pepe moja baada ya nyingine, anamweleza anavyolala, anavyoota, na Alice hajibu. Moyo wa sehemu yote ile ni barua za msichana kwa msichana ambaye hajibu.

Na hapa ndipo nilipokuwa nikichelewa kufika tangu mwanzo.

Dada aliniandikia barua nne shuleni. Simu zilikuwa marufuku, kwa hiyo aliandika kwa kalamu, karatasi za daftari, akatuma kwa posta. Mbili za Oktoba, mbili za Novemba. Sikujibu hata moja. Si kwamba hazikufika. Zilifika, nikazisoma kitandani, nikaziweka chini ya godoro. Kulikuwa na msichana wa mtaa wetu bweni la jirani, na habari ya posa iliyorudi ilikwishaenea bweni zima. Mtu akiniuliza kama yule ni dada yangu wa tumbo moja, nilisema ni binamu. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilimwonea aibu, kana kwamba kuachwa kunaambukiza. Kujibu barua ilikuwa ni kukubali kwamba ni zangu.

Alice wa kwenye filamu anarudi. Anatokea siku moja sebuleni, Bella anamkumbatia, hamuulizi kitu. Mara zote nilipokuwa nikitazama pale nilikwenda jikoni kuangalia chai.

Desemba iliyopita sikwenda. Bibi ametangulia mbele ya haki, nyumba ni ya dada sasa, yeye na mumewe, mtu mcheshi asiyevumilia filamu yenye busu. Binti yao ndiye aliyeomba tuiweke, kaisikia mtandaoni. Alicheka nywele za Jacob, akacheka Edward anavyong'aa juani, akaniambia, "Mama mdogo, na wewe ulikuwa unalia kwa hiki?" Kilipofika kile kiti alinyamaza akauliza kama Bella anaumwa. Mama yake akamjibu, "Ndiyo, anaumwa," akamwongezea korosho.

Alice alipotokea sebuleni kwa akina Swan, dada alisema bila kunigeukia:

"Zile barua ulizipata?"

"Nilizipata."

"Zote nne?"

"Zote."

Alikaa kimya. Kwenye skrini Alice alikuwa akimlaumu Bella kwa kuruka baharini.

"Ile ya tatu nilikuandikia habari za kuku wa bibi," alisema. "Aliyetagia kwenye kapu la khanga za harusi."

"Mayai sita," nikasema. "Ulisema bibi alikataa wasimtoe."

"Alikataa. Akaangua yote."

Hatukusema zaidi, kwa sababu binti alitaka kujua ni khanga zipi, harusi ya nani, na mama yake akamwambia atazame filamu. Tukaenda Italia, tukapita kwa Aro na kicheko chake, tukarudi Forks. Mwisho kabisa, Edward anasimama msituni na kumwomba Bella amuoe, Bella anavuta pumzi, na picha inakatika kabla hajajibu.

"Asikubali!" binti alipiga kelele, akasimama na kapu la korosho. "Si alimwacha?"

"Atakubali," dada akasema, akitafuta rimoti chini ya mto. "Ziko tatu mbele."